Baada ya Mtoto Kupimwa: Hotuba Kuhusu Msaada wa Jamii kwa Wanawake Wanaoishi na VVU

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa dini na wa serikali, wahudumu wa afya, wanachama wa vikundi vya kusaidiana, na ndugu zangu wote mliohudhuria:

Nimeombwa nizungumze juu ya namna jamii inavyoweza kuwasaidia wanawake wanaoishi na VVU pamoja na familia zao. Kwa kuwa wengi wenu mnaifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki, sitawachosha kwa kueleza kwamba msaada ni jambo jema. Nitazungumzia kasoro iliyomo ndani ya msaada wenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya huduma hizi tumezoea kumtafuta mwanamke mwenye VVU kupitia ujauzito wake. Tunamfuatilia kwa bidii kubwa akiwa na mimba na akiwa ananyonyesha, kisha mtoto akifikisha miezi 18, akapimwa kwa mara ya mwisho na kuonekana yuko salama, tunashangilia, tunafunga faili, na mama anabaki peke yake na dawa za maisha.

Si kila mwanamke mwenye VVU ni mjamzito, na aliye mjamzito leo hatakuwa mjamzito siku zote. UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, linakadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 40.8 duniani walikuwa wanaishi na VVU, na asilimia 53 kati yao walikuwa wanawake na wasichana. Miongoni mwao wamo mabinti waliozaliwa na virusi ambao sasa ni watu wazima, wamo wajane, wamo bibi wanaolea wajukuu, na wamo wanawake ambao hawakuwahi kuzaa wala hawana mpango huo. Huduma iliyojengwa juu ya kliniki ya wajawazito haiwaoni hawa wote.

Mazoea haya yana chanzo chake. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa ya zidovudini, ikipewa mjamzito na baadaye mtoto wake mchanga, hupunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Ratiba yake ilikuwa ndefu na gharama yake kubwa. Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Kampala: dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na nyingine kwa mtoto katika siku zake za mwanzo, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Ilikuwa nafuu, ilikuwa rahisi, na nchi nyingi maskini ziliipokea kwa mikono miwili. Watoto wengi wako hai kwa sababu hiyo, na sitaki mtu yeyote aelewe kwamba naibeza kazi ile. Lakini hebu tutazame upande wa mama. Alimeza kidonge kimoja, akajifungua, akarudi nyumbani bila tiba yake mwenyewe. Na kwa baadhi ya wanawake hao kidonge kile kimoja kilitosha kuvifanya virusi vyao kuwa sugu, hata siku tiba kamili ilipowafikia, dawa za aina ile hazikuwafaa tena. Mtoto alikuwa amelindwa kwa dawa ambayo ilimpunguzia mama yake nafasi ya kutibiwa.

Malawi ndiyo iliyogeuza mwelekeo. Mwaka 2011 nchi hiyo iliamua kwamba kila mjamzito na kila anayenyonyesha aliyekutwa na VVU aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote, bila kusubiri kipimo cha kinga ya mwili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo mwaka 2013, na mwaka 2015 likapendekeza kwamba kila mtu mwenye VVU atibiwe mara tu anapogundulika. Kwa maandishi, basi, mama alikuwa sasa anatibiwa kwa ajili ya uhai wake. Hata hivyo uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za Malawi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake walioanzishiwa dawa wakiwa wajawazito chini ya utaratibu huo mpya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutorudi kabisa baada ya hudhurio la kwanza, wakilinganishwa na wanawake walioanza dawa kwa sababu afya yao ilikuwa imeshuka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwanamke amekuja kliniki ya wajawazito akijiona mzima. Anapimwa, anaambiwa ana VVU, anafungashiwa dawa siku hiyo hiyo na kuelezwa kwamba atazimeza hadi mwisho wa uhai wake, kisha anarudi kwenye nyumba ambamo hakuna anayejua lolote. Dawa anazo mkononi. Anachokosa ni mahali pa kuziweka, mtu wa kuzungumza naye usiku huo, na jibu la kumpa mume atakapouliza vidonge hivi ni vya nini. Mambo hayo hayapatikani kwenye dirisha la famasia, na hapo ndipo jamii inapoingia.

Msaada wa namna hii ulikuwepo kabla ya dawa. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba, ambaye mwaka huo huo alifiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, pamoja na wenzake ambao baadhi yao walikuwa wagonjwa. Tiba haikuwepo, na walichokuwa nacho ni kutembeleana, kushauriana na kutokimbiana. Mwaka 1992 wanawake wenye VVU waliokutana Amsterdam waliunda jumuiya yao ya kimataifa, kwa sababu waliona kwamba mikutano mikubwa ya UKIMWI ilikuwa ikizungumza juu yao bila kuzungumza nao. Mwaka 1994 mjini Paris serikali 42 zilitia saini azimio lililokubali kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Na mwaka 2001 mjini Cape Town shirika la mothers2mothers lilianza kuwaajiri wanawake wenye VVU waliokwisha kupitia ujauzito na kujifungua, ili wakae kliniki pamoja na madaktari na wauguzi na kuwaongoza wenzao. Kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi, na sisi tunamfahamu mwenye kuifanya kwa jina la mama kinara.

Mama kinara hufanya nini hasa? Nauliza kwa sababu taarifa nyingi ninazosoma huishia kusema kwamba "anatoa ushauri nasaha", maneno ambayo hayaonyeshi kitu. Mama kinara anamweleza mwenzake kwamba kichefuchefu cha majuma ya kwanza kitapita, na anasadikika kwa kuwa kilimpata yeye pia. Anajua kwamba mlio wa vidonge ndani ya chupa unaweza kumuumbua mtu ndani ya gari la abiria, hivyo anamfundisha kuvihamishia kwenye kitu kisichopiga kelele na kinachofunga vizuri. Anajua ni siku gani kliniki haina watu wengi wa mtaani kwao. Anaposikia mwenzake hakuja kuchukua dawa, hamwandiki kuwa mtoro. Anamtafuta, na mara nyingi anakuta sababu ambayo hakuna fomu iliyoitengea nafasi: amehamia kwa dada yake baada ya ugomvi, au amegawana dawa zake na mume ambaye hataki kwenda kupima. Hilo la kugawana dawa ni la kawaida kuliko tunavyokiri, na daktari huambiwa mwisho.

Mtu huyu afanyaye kazi kama hiyo anastahili mshahara. Najua wapo wanaoamini kwamba kujitolea kunaihifadhi roho ya huduma, na kwamba fedha zikiingia upendo hutoka. Sikubaliani nao. Hatumwombi muuguzi afanye kazi bila malipo ili tuone kama anawapenda wagonjwa. Mama kinara ambaye halipwi huacha kazi mara tu anapopata kibarua, na kila anapoondoka mmoja wanawake wengi wanapoteza mtu pekee waliyekwisha kumwambia siri yao, jambo ambalo halirekebishwi kwa kumtafuta mwingine na kumpa semina. Vilevile anahitaji mtu wa kumtua mzigo yeye mwenyewe, maana anasikia mazito ya watu kila siku huku naye akiwa na yake.

Kuna jambo lingine linalohusu heshima yake. Katika shughuli zetu nyingi, zikiwemo za dini na za wafadhili, tumezoea kumsimamisha mwanamke mbele ya umati atoe ushuhuda: alivyopata virusi, alivyotengwa, alivyonyanyuka. Wapo wanaofanya hivyo kwa hiari yao, tena kwa ujasiri ulioivunja hofu ya watu wengi, nami nawaheshimu. Lakini wapo wanaosimama kwa sababu wamehisi kwamba msaada wa chakula, karo ya mtoto au nafasi katika mradi unategemea kusimama huko. Huo si ushuhuda tena. Picha yake ikishapigwa na kusambazwa kwenye simu hairudi, na watoto wake ndio watakaoulizwa shuleni. Kikundi kinachojiheshimu kinatenganisha kabisa mambo haya mawili, kiasi kwamba mwanamke ambaye hatasema neno hadharani hata siku moja anapata kila alicho na haki ya kukipata.

Sasa niingie nyumbani, maana kazi ngumu zaidi iko huko.

Kwa sababu mwanamke hupimwa kliniki ya wajawazito na mwanamume hana kliniki kama hiyo, mara nyingi mke ndiye wa kwanza katika nyumba kujua hali yake. Aliyejua kwanza huonekana ndiye aliyeleta. Nimewasikia watu wazima wenye elimu yao wakitumia hoja hii, nao hawaoni kasoro yake: mfuatano wa kupimwa hauonyeshi mfuatano wa kuambukizwa, na hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kinachoweza kusema nani alimwambukiza nani. Lakini hoja mbovu inaweza kumfukuza mtu nyumbani sawasawa na hoja nzuri. Wanawake hupigwa, hunyimwa matumizi, hurudishwa kwao, na wengine hunyang'anywa watoto, yote kwa sababu ya kusema ukweli mapema kuliko wengine.

Kwa hiyo nawaomba wahudumu na viongozi wa dini tuache kumsukuma mwanamke kwa maneno "mwambie mume wako leo". Kumweleza mwenza ni jambo jema, na wengi waliofanya hivyo wanameza dawa zao kwa utulivu zaidi. Lakini siku, mahali na namna vichaguliwe na yeye, baada ya mtu kumsaidia kupima hatari iliyopo. Wapo wanaotaka kumwambia dada yao kwanza. Wapo wanaopendelea kurudi na mume kliniki, wapimwe pamoja kana kwamba ni mara ya kwanza, wapokee majibu pamoja mbele ya mshauri. Njia hii imewaokoa wengi na lawama. Na wapo ambao, kwa usalama wao, hawatamwambia kwa sasa, nao pia wanastahili msaada wote bila ya kuhesabiwa kuwa wasiotii.

Mwanamume asiachwe nje. Nimeona vikundi vinavyowazungumzia waume kama hatari tu, nami naelewa chanzo chake, lakini takwimu za dunia zinaonyesha kwamba wanaume wenye VVU wanapata tiba kwa kiwango cha chini kuliko wanawake, wanachelewa kupima na wanafika hospitalini wakiwa wamedhoofika. Mume asiyetibiwa anamrudisha mke nyuma. Na pale majibu yanapotofautiana, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, nyumba hiyo haihitaji kuvunjika. Matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96, na tafiti zilizofanyika Ulaya, ambazo matokeo yake yalitoka kati ya mwaka 2016 na 2019, zikifuatilia wenza wenye majibu tofauti ambao hawakuwa wakitumia kondomu, hazikupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye dawa zilikuwa zimevifubaza virusi vyake. Mtu anayemeza dawa vizuri, na ambaye vipimo havioni virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ujumbe huu una umri wa miaka kadhaa sasa, lakini bado nakutana na wahubiri, na wakati mwingine wahudumu wa afya, wanaousema kwa kunong'ona kana kwamba ukijulikana watu wataharibika. Usemwe kwa sauti. Kwa mke aliyeishi miaka akijiona ni hatari kwa mumewe, habari hii ina uzito kuliko semina kumi za kupambana na unyanyapaa.

Katika kunyonyesha, hata hivyo, lazima tuwe waangalifu na maneno. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri anapunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mtoto kupitia maziwa, lakini uwezekano huo haujafika sifuri kama ilivyo katika ngono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unamtaka mama anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine kwa angalau miezi 12, na anaweza kufika miezi 24 au zaidi mradi anatumia dawa ipasavyo. Naye mtoto hupewa dawa kinga katika majuma ya mwanzo. Shida ni kwamba miongozo ya nyuma ilisema tofauti. Wapo wanawake walioambiwa wasinyonyeshe kabisa, wengine wakaambiwa wakatishe ghafla mtoto akifikisha miezi michache, na wote hao leo ni shangazi na bibi wanaotoa ushauri nyumbani kwa nia njema kabisa. Mama mchanga anasikia sauti nne zinazopingana huku mtoto analia. Hapo anamhitaji mtu mmoja mwenye taarifa sahihi anayeweza kupigiwa simu, na ambaye pia yuko tayari kuzungumza na bibi bila kumwaibisha.

Niseme kidogo juu ya watoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa anapofikisha majuma 4 hadi 6, kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa sababu kipimo cha kawaida kingeonyesha kinga aliyoirithi kwa mama. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, nusu ya walio kama yeye hufariki kabla ya kutimiza miaka 2; kwa hiyo kuchelewa kwa majibu si suala la karatasi. Na bado watoto wako nyuma kuliko watu wazima katika tiba: kwa makadirio ya mwaka 2024, takriban asilimia 55 tu ya watoto wenye VVU walikuwa wakipata dawa.

Hao wanaopata dawa wanakua, na siku moja wanauliza. Wazazi wengi huahirisha kuwaambia kwa miaka, wakisema ni dawa za kifua au za damu, mpaka mtoto anasoma mwenyewe maandishi kwenye chupa au kwenye bango la kliniki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, hatua kwa hatua kadiri ya uelewa wao, na ifikapo miaka 12 wawe wameelezwa kikamilifu. Kinachomzuia mama hapa si ujinga. Kumwambia mtoto "una VVU" ni kumwambia pia "mimi ninavyo, na vilitoka kwangu", na anaogopa macho ya mtoto wake. Mshauri mzuri hushughulikia kwanza lawama anayojibebesha mama, kisha ndipo wanapanga maneno. Tusiwasahau pia ndugu wa mtoto huyo ambao hawana maambukizi. Mara nyingi wao ndio wanaotunza siri ya nyumba, wanaomkumbusha mama dawa, wanaoenda kuchukua vidonge badala yake, na hakuna mradi unaowahesabu kwa kuwa majibu yao ni mazuri.

Nirudi kwa mama mwenyewe, mwili wake na miaka yake. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano takriban mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na virusi. Saratani hii huanza polepole, inaweza kuonekana mapema na dalili zake za awali zikatibiwa kabla hazijawa saratani, na mwongozo wa dunia wa mwaka 2021 unasema aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25 na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ni aibu kwetu sote kwamba mwanamke anaweza kuja kliniki hiyo hiyo kwa miaka kumi, akachukua dawa kwa uaminifu, virusi vikafubaa kabisa, kisha akafa kwa ugonjwa ambao ungeonekana katika uchunguzi wa dakika chache chumba cha pili. Vikundi vinaweza kulibeba hili bila gharama kubwa: mwanachama ambaye hajachunguzwa anasindikizwa na aliyekwisha kuchunguzwa, kwa sababu wengi wanaogopa kifaa kuliko wanavyoogopa ugonjwa.

Kuna sonona, ambayo huja sana baada ya kujifungua na ambayo kwetu huitwa uvivu au majivuno. Kuna kukoma hedhi, ambako hakuna anayekuzungumzia, ingawa wanawake walioanza dawa wakiwa vijana sasa wanafika umri huo kwa maelfu na hawajui kipi kinatokana na dawa, kipi na virusi na kipi na umri. Na iko haki ya kuamua juu ya uzazi. Mwezi Novemba mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba wanawake watatu wenye VVU walifungwa uzazi katika hospitali za umma bila ridhaa yao ya kweli. Walikuwa wamepewa karatasi za kutia saini wakiwa katika uchungu au wakikaribia kupasuliwa. Nalitaja shauri hili kwa sababu wale waliowatilisha saini hawakujiona wakatili. Waliona wanamfanyia hisani mwanamke mwenye VVU kwa kumzuia asizae tena. Fikra hiyo bado ipo, nje ya hospitali pia, kila tunapomtupia jicho mwanamke wa kikundi chetu aliyerudi akiwa na mimba nyingine. Dawa zilizopo zinamwezesha kuzaa mtoto asiye na virusi. Akitaka kuzaa, kazi yetu ni kumsaidia azae salama. Asipotaka, kazi yetu ni kuhakikisha anapata njia ya uzazi wa mpango aliyoichagua mwenyewe.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewafaa wanawake wengi, hasa wale ambao bila kipato chao wasingeweza kuondoka kwa mume anayewapiga. Tahadhari yangu ni moja: kikundi ambacho kila mtu mtaani anajua ni cha wenye VVU kinawafungia mlango wale wenye hofu zaidi, ambao ndio wenye shida zaidi. Changanyeni wanachama. Hali kadhalika vikundi vya kupokezana kuchukua dawa, kama vile vilivyoanzishwa mkoani Tete, Msumbiji, mwaka 2008, vimepunguza sana nauli na foleni, lakini vinamfaa mtu aliye tayari kujulikana na wenzake watano. Asiye tayari atengenezewe njia nyingine.

Mwisho ni suala ambalo viongozi wa serikali mliopo hapa mtalazimika kulijibu. Mwezi Januari mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na katika nchi nyingi wa kwanza kuondolewa kazini walikuwa wahudumu wa jamii, wakiwemo akina mama vinara. Dawa zilitafutiwa njia haraka, angalau kwa kiasi, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba dawa ni tiba. Mishahara ya watu wanaowafanya wengine wameze dawa hizo ilihesabiwa kuwa kitu cha ziada. Mlolongo huo wa maamuzi ulionyesha wazi tunachokiamini, licha ya yote tunayoyaandika kwenye mipango yetu. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni mahsusi: katika bajeti ijayo mama kinara awe na cheo kinachotambulika, mshahara unaotoka katika fedha za ndani na msimamizi anayemjibu, na majukumu yake yaandikwe kwamba hayakomi mtoto anapopata majibu ya mwisho, wala hayawahusu wajawazito peke yao.

Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, ningependa akina mama vinara waliopo ukumbini wapewe nafasi ya kunisahihisha kabla ya mtu mwingine yeyote kuuliza swali. Ahsanteni.